Hiyo Si Sauti ya Nyanjiru: Historia Inapogeuzwa Mchezo wa Kusikiliza

Klipu ina sekunde 42. Mwanamke anapaza sauti juu ya umati, wanaume wananyamaza ghafla, vigelegele vinapanda, halafu risasi. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: SAUTI HALISI YA MARY MUTHONI NYANJIRU, NAIROBI 1922, SAMBAZA KABLA HAIJAFUTWA. Ilinifikia kupitia kundi la WhatsApp la familia, ikiwa imeshatumwa huku na huku hadi ikaota ile mishale miwili ya kuonyesha kwamba imesambazwa sana.

Hiyo si sauti ya Nyanjiru, mwanamke aliyeuawa kwenye maandamano ya Nairobi mwaka 1922. Imekatwa kutoka mchezo wetu wa redio, na siku iliporekodiwa nilikuwepo, mgongo wangu umeegemea godoro la inchi sita lisituangukie. Tulikuwa kwenye chumba kimoja cha kupanga pale Ngara, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Anayepaza sauti ni mwalimu wa hesabu ambaye huigiza wikendi. Umati wa maelfu ni watu 11, tuliowarekodi mara nne wakibadilishana nafasi. Risasi ni rula ya chuma iliyochapwa juu ya meza, mlio wake ukavutwa kwenye kompyuta hadi ukawa mzito.

Nikaeleza hayo kundini nikidhani nimemaliza kazi. Shangazi yangu wa Kayole akaandika: "Kwa hivyo mlitudanganya." Binamu yangu akamjibu: "Anti, huo ni mchezo tu, hakuna ukweli hapo." Wote wawili walikosea, kila mmoja kwa njia yake, na makosa yao nimeyasikia pia kwa walimu na kwa watangazaji ambao ndio wangetusaidia kuyaondoa.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkorogo inatoka hapo. Rekodi ni sauti iliyonaswa tukio likitokea. Makala ya redio ni mtangazaji anayesimulia tukio, akiwaita mashahidi na wajuzi wazungumze kwa sauti zao. Mchezo wa redio ni tamthilia iliyoandikwa kwa ajili ya masikio: una mswada, una waigizaji, una milio na muziki, hauna jukwaa. Siku hizi hauhitaji hata redio, wengi huusikiliza kwenye simu kama podkasti, lakini jina limebaki. Mchezo wa redio wa kihistoria basi ni ule unaochukua jambo lililotokea kweli, na watu walioishi kweli, ukalijenga upya kwa sauti.

Ukijua hayo, klipu ya shangazi inajifichua yenyewe. Kenya ilipata kituo chake cha kwanza cha utangazaji mwaka 1928, miaka sita baada ya tukio. Mashine za kurekodi zilikuwepo duniani, lakini zilikuwa dude la kuwekwa mezani lenye pembe kubwa, na msemaji alilazimika kuinama na kuongea ndani ya hiyo pembe. Hakuna aliyekimbia na kitu kama hicho kwenye maandamano. Ukisikia umati, risasi na maneno yanayoeleweka neno kwa neno, vyote kwa pamoja, halafu uambiwe ni vya mwaka 1922, shuku.

Lakini mbona watu wazima wenye akili timamu wanadanganyika? Mimi husema hivi: kitabu cha historia ni githeri. Hindi unaliona, haragwe unaliona, na ukipenda unaweza kuchagua moja moja. Mwandishi anakwambia hili nimelitoa kwenye barua ya gavana, lile alinieleza mzee fulani, hili ni wazo langu mimi. Mchezo wa redio ni uji. Wimbi, mtama na mahindi vimesagwa pamoja, na ukishakoroga hakuna anayeweza kusema kijiko hiki kina mtama kiasi gani. Uji si kitu kibaya. Ila aliyesaga anajua alichotia kinuni, na mnywaji ana haki ya kumuuliza.

Basi niseme tulichotia.

Harry Thuku alifanya kazi ya simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi, na alikuwa kiongozi wa East African Association, chama kilichopinga kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho), kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara ya Waafrika. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, pale ambapo sasa ni kituo cha polisi cha Central. Wajumbe walikwenda kuonana na wakuu wa serikali, wakarudi wakiwasihi watu watawanyike, na baadhi wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Nyanjiru alipotokea mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe yeye suruali zao, maana wameshindwa kuwa wanaume. Umati ukasonga upya. Polisi wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21. Waafrika waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi kwa mbali. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Barabara inayopita pale leo inaitwa Harry Thuku Road. Ukiipanda kwa miguu utapita Norfolk, utapita Kenya National Theatre iliyofunguliwa mwaka 1952, na utafika Broadcasting House, makao ya KBC, shirika la utangazaji la taifa. Kwa watu wa kazi yangu ni jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: damu, jukwaa na mnara wa redio, vyote kwenye barabara moja ambayo mwendesha boda anaimaliza kabla hujafunga kofia.

Sasa tazama vile unga ulivyochanganywa. Kukamatwa kwa Thuku, tarehe, umati, wajumbe, risasi, hayo yameandikwa na pande zaidi ya moja na hatukuyagusa. Kisha kuna mambo tuliyokisia kwa kufuata ushahidi: kwamba kwenye umati palisikika Kikuyu pamoja na Kiswahili cha mjini na lugha nyingine za wafanyakazi, kwamba wajumbe waliorudi walizungumza kwa sauti ya watu waliochoka. Hatuna waraka unaosema walichoka. Tuna tabia ya binadamu aliyeahidiwa jambo na wakubwa na sasa anatakiwa kuliuza kwa umati wenye hasira. Halafu kuna vya kubuni kabisa. Kwenye mchezo wetu yupo mama muuza ndizi anayemtafuta kijana wake katikati ya msongamano. Huyo hakuwahi kuzaliwa. Tulimuumba kwa sababu msikilizaji anahitaji mtu mmoja wa kumfuata. Umati wa watu 7,000 hauna mkono wa kushikwa.

Na ile kauli ya suruali je? Hapo ndipo shangazi alipotaka jibu la ndiyo au la, nami sikuwa nalo. Kauli hiyo tunayo kwa sababu shahidi aliyekuwepo aliikumbuka miongo kadhaa baadaye, akawaeleza watafiti, wakaichapisha kwa Kiingereza. Mimi nikaitoa kwenye Kiingereza nikaiweka kwenye Kiswahili chenye mdundo wa kutamkika. Mwalimu wa hesabu akaitia pumzi na hasira yake mwenyewe. Kwa hiyo sentensi iliyomliza shangazi Kayole ni tafsiri ya tafsiri ya kumbukumbu. Kuna mtu aliyesimama mahali halisi akasema jambo linalofanana na hilo, na watu wakafa kwa sababu ya kilichofuata. Binamu anaposema hakuna ukweli hapo, anawafuta watu hao kwa kidole kimoja. Shangazi anapoita rekodi, anampa Nyanjiru maneno ambayo hatujui kama yalitoka hivyo.

Swali ambalo watu huniuliza mara nyingi zaidi ni: unawezaje kuandika mazungumzo ambayo hukuyasikia? Naona ni swali dogo. Kubwa ni hili: maiki iko wapi?

Mtu akipiga picha unajua alisimama upande gani, kwa sababu unaona migongo au nyuso. Kwenye sauti watu hawafikirii hilo, ilhali ndilo linaloamua historia ya nani inasimuliwa. Chukua dakika zile kumi za tarehe 16 Machi. Weka maiki barazani mwa Norfolk: utasikia vikombe, viti vikiburutwa, Kiingereza, na mbali kule mngurumo wa watu usio na maneno. Umati utakuwa tishio, hata kama hujaandika neno moja baya juu yao. Ihamishe hadi katikati ya umati: mngurumo unageuka watu, huyu anakohoa, yule anauliza kama wajumbe wamerudi, mwingine amekanyagwa kidole. Sasa tishio ni bunduki. Iingize ndani ya kituo, alikofungiwa Thuku. Pale kuna ukuta. Sauti zinakuja zimefifia, jina lako linaitwa, kisha mlio usioujua umetoka upande gani, kisha kimya, na huna dirisha la kukupa jibu.

Sisi tulichagua ukutani, ndani, tukaitoa nje kwenye umati kwa ajili ya Nyanjiru na mama muuza ndizi tu. Sababu moja ni ya ufundi. Mchezo wa kwanza ulioandikwa mahususi kwa redio ya BBC, mwaka 1924, wa Richard Hughes, uliwekwa ndani ya mgodi wa makaa ambamo taa zimezimika. Wahusika hawaoni, msikilizaji haoni, wote wamo gizani pamoja. Karne moja baadaye ujanja huo haujapitwa: mtafute mhusika ambaye haoni, umkalishe msikilizaji kando yake. Sababu ya pili ni ya historia. Thuku ndiye aliyekuwa chanzo cha yote na ndiye pekee ambaye hakuweza kufanya lolote. Mswada wa kwanza ulikuwa na maiki barazani kisha umati, ikipigwa kama mpira wa meza. Ulisisimua sana. Tuliutupa, kwa sababu kila tuliporudi barazani tulijikuta tunawapa walowezi mistari mizuri ya kuchekesha.

Halafu kuna lile tendo lenyewe. Kiini cha siku ile ni mwanamke mtu mzima kuinua nguo mbele ya wanaume, jambo ambalo kwa Wakikuyu lilikuwa laana na aibu nzito kwa anayefanyiwa. Ni la kuonekana kwa macho! Kwenye jukwaa la National Theatre mwigizaji angeinua nguo na ukumbi mzima ungeganda. Kwenye sauti utafanya nini? Mwandishi mchanga atamweka mtu aseme, "Tazameni, Nyanjiru ameinua nguo yake!" Ni kosa ambalo nimelifanya mwenyewe kwenye michezo mingine. Hakuna binadamu anayeelezea kwa sentensi kamili jambo ambalo kila mtu aliye karibu naye analiona.

Tulihangaika na sekunde nane hizo kwa siku mbili. Mwishowe tulifanya hivi. Kelele za wanaume zinaendelea. Mlio wa kitambaa, karibu sana na maiki, kama shuka linalokung'utwa. Kelele zinakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, si zote kwa mpigo, kwa sababu walio nyuma hawajaona bado. Kisha mzee mmoja anasema kwa sauti ya chini: "Inamisheni macho." Basi. Baada ya hapo vigelegele vya wanawake. Msikilizaji asiyejua mila hiyo anahisi kwamba jambo zito limetendeka, anayeijua anashtuka. Mstari wa mzee tuliubuni. Kunyamaza kwa wanaume tulikukisia. Vigelegele vimo katika masimulizi. Sekunde nane, na aina zote tatu za unga zimo.

Kuna sheria moja ya mchezo wa redio ambayo ningetamani kila msomaji wa historia aijue: asiyesema hayupo. Jukwaani mtu anaweza kukaa pembeni kimya na macho yako yakaendelea kumwona. Kwenye sauti, mhusika akinyamaza kwa nusu dakika ametoweka duniani. Faili za kikoloni zina tabia hiyohiyo. Nenda pale Kenya National Archives, lile jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue, uombe makabrasha ya miaka ile: ofisa wa wilaya anasema, kamishna anasema, mmisionari anasema. Mwanamke aliyeuawa hasemi, basi kama hayupo. Na hata makabrasha hayakuwa yote. Ilikuwa mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park, ghala lake la nyaraka huko Uingereza, maelfu ya faili zilizoondolewa kutoka makoloni yake, za Kenya zikiwemo, na ikakiri hivyo kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameipeleka mahakamani. Kwa hiyo mtu anaponiambia nishikamane na nyaraka tu, namuuliza: nyaraka zilizochujwa na nani?

Hilo halinipi ruhusa ya kusema chochote. Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa kazi hawalipendi. Kubuni mtu kama mama muuza ndizi hakuniogopeshi. Ninachoogopa ni umati unaosema kwa sauti moja. Utausikia kwenye michezo mingi ya kihistoria, hasa ile ya sikukuu za kitaifa: mtu mmoja anatoa hotuba, watu wote wanaitikia "Ndiyooo!" kwa pamoja kama wanafunzi paredi. Hakuna umati wa hivyo. Nje ya kituo cha polisi mwaka 1922 walikuwepo waliotaka kuvamia, waliotaka kuomba, waliokuwa wameanza kwenda nyumbani, na wajumbe wenyewe walikuwa wanawasihi watu waondoke. Ukiwaunganisha wote kuwa sauti moja, umeongopa zaidi ya aliyebuni wahusika kumi, na hakuna atakayekugundua kwa sababu inasikika vizuri.

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba tukio lenye kumbukumbu za mahakama linaondoa tatizo hili. Kesi ya Kapenguria, kwa mfano, ya walioshtakiwa kwa kuongoza Mau Mau: ilianza Desemba 1952 na hukumu ikatolewa tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano wakafungwa miaka saba na kazi ngumu. Maneno yaliyosemwa kortini yaliandikwa. Si kunakili tu na kuwapa waigizaji?

Jaribu. Kwanza, utakata. Miezi ya kesi haiingii kwenye dakika 50 za mchezo, na fundi anayepunguza koti la mtumba ndiye anayeamua mfuko upi unabaki. Ukibakiza maswali ya wakili wa utetezi D. N. Pritt na kuondoa ya mwendesha mashtaka, umeandika kesi nyingine bila kubadilisha neno. Pili, maneno yenyewe si yote ya waliosema. Mashahidi wengi walizungumza Kikuyu, na kilichoandikwa ni Kiingereza cha mkalimani. Mmoja wa wakalimani alikuwa Louis Leakey, na upande wa utetezi ulimlalamikia kwa upendeleo hadi akajiondoa. Sasa wewe unachukua Kiingereza cha mkalimani aliyetiliwa shaka, unakirudisha Kiswahili, unamtangazia msikilizaji kwamba "haya ndiyo maneno ya shahidi". Tatu, karatasi haina toni. Imeandikwa "Hapana." Hapana ya kuogopa? Ya dharau? Mwigizaji lazima achague, na akishachagua amefasiri historia. Rawson Macharia, shahidi muhimu wa mashtaka, alikuja kusema mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Mwigizaji wake anapaswa kuusema uongo huo kama mtu anayejua anaongopa, au kama mtu mkweli? Tulibishana juu ya hilo mchana kutwa, chai ikapoa, na mwelekezi akaamua kwamba ausome kama mkweli kabisa, kwa sababu hakimu alimsikia hivyo.

Matukio ya karibu yana ugumu wa namna nyingine. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali waliteka kituo cha Voice of Kenya, ambacho sasa ni KBC, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imeangushwa. Hilo ni tukio ambalo lenyewe lilikuwa la redio. Wakenya wengi hawakuliona, walilisikia. Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alilisimulia mwenyewe mara nyingi, na sauti yake inafahamika na kila mtu aliyewahi kusikiliza Idhaa ya Taifa. Ukiandika mchezo juu ya asubuhi ile, utafute mwigizaji wa kumwigiza au utumie programu ya akili unde, ile ambayo wengine huiita akili mnemba, inayoweza kutoa sauti inayofanana naye kabisa?

Msimamo wangu ni wa kizamani. Mwigizaji anapomwigiza mtu maarufu, sikio linajua. Kuna pengo dogo kati ya anayeigizwa na anayeigiza, na ndani ya pengo hilo msikilizaji anakumbuka kwamba yuko mchezoni. Programu inaziba pengo. Ikishazibwa, kilichobaki si mchezo wa kihistoria tena, ni hati ya kughushi, hata kama kila neno lake ni sahihi. Na kwa walionusurika mambo kama mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, ulioua watu zaidi ya 200 hapa mjini, mlio tu unatosha kuwarudisha pale. Mchezo wa namna hiyo tuliwahi kuuanza. Mama mmoja aliyetusimulia yaliyompata alituomba jambo moja, kwamba tusiweke mlipuko. Hatukuuweka. Tuliweka simu za ofisini zikiita bila kupokelewa.

Upande wa sheria nitapita haraka. Tukio la kihistoria halina mwenyewe. Hakuna anayeweza kukushtaki kwa kutumia tarehe 16 Machi. Lakini namna mwandishi fulani alivyolieleza tukio ni mali yake, na hapa Kenya haki hiyo hudumu hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Soma vitabu vitatu, vifunge, ndipo uandike.

Kwa walimu, nitakaa kidogo, kwa sababu michezo hii inaingia madarasani kwa kasi. Tangu shule zilipofungwa mwaka 2020 na masomo yakapelekwa redioni, walimu wengi wamezoea kutumia sauti. Kosa ninaloliona ni mwalimu kuwasikilizisha wanafunzi mchezo, kisha kuwauliza, "Nyanjiru alisema nini?" Hapo umewafundisha kwamba mswada wangu ni chanzo cha historia. Mwanafunzi akiingia nao kwenye mtihani, ataandika kwamba palikuwepo mama muuza ndizi.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la kidato cha tatu Eastlands ambako mwalimu alifanya tofauti. Alicheza dakika nne tu, mara mbili. Mara ya pili kila mwanafunzi alikuwa na penseli na karatasi yenye mswada, na kazi yake ilikuwa kupigia mstari kila jambo analodhani limebuniwa. Kisha akawapa kurasa mbili za masimulizi na taarifa za wakati ule wajisahihishe. Walibishana kama mafundi wa Kirinyaga Road juu ya injini. Msichana mmoja alikuwa amepigia mstari wajumbe, akiamini kwamba ni sisi tuliowabuni ili kuongeza msisimko. Alipokuta kwamba walikuwepo kweli na walitaka watu waondoke, alikaa kimya, halafu akauliza, "Mwalimu, kwa hivyo wale wajumbe walijisikiaje jioni hiyo?" Hilo ni swali ambalo hakuna kabrasha linalolijibu, na ni swali zuri la kuanzia mchezo mwingine.

Mwalimu huyo pia aliwafanya waigize tukio hilo wenyewe, dawati likiwa ngoma na karai la kokoto likiwa nyayo za askari. Wakagundua haraka kwamba lazima waamue idadi ya waliokufa. Kundi moja likasema 21, lingine likakataa. Mwishowe waliandika wahusika wawili, karani wa serikali anayesoma orodha yake na mfagizi anayehesabu kimoyomoyo, na hesabu zao zikapishana bila msimulizi kuingilia. Sisi wazoefu tulikuwa tumelikwepa jambo hilo kwa kutotaja idadi yoyote. Watoto walitushinda.

Msimulizi nimemtaja tu, naye ndiye aliyenirudisha kwenye klipu. Katika mchezo wa redio msimulizi ni kama kondakta wa matatu: anakwambia mmefika wapi, nani anashuka, nani anapanda. Sisi tulimweka mwanzoni, aeleze kwamba huu ni mchezo, kwamba mama muuza ndizi ni wa kubuni, kwamba kauli ya Nyanjiru imetoka kwenye kumbukumbu ya shahidi. Sekunde 30 za uungwana. Aliyetengeneza klipu alizikata zote, kwa sababu hakuna anayesambaza utangulizi.

Tukarekodi upya. Safari hii msimulizi haingii mwanzoni. Anaingia katikati, vigelegele vikiwa bado hewani, na kusema kwa sauti ya kawaida, "Haya tunayaigiza, aliyekuwepo aliyakumbuka hivi," kisha risasi inafuata. Mwelekezi alilalamika kwamba tumeharibu kilele. Nami nililalamika kidogo, kimoyomoyo.

Toleo hilo lilitoka wiki tatu zilizopita. Juzi shangazi amenitumia klipu mpya kutoka kundi la chama chao, yenye maneno yaleyale ya herufi kubwa. Ina sekunde 29. Inaishia kwenye vigelegele, kabla msimulizi hajavuta pumzi. Lakini haina risasi tena, na chini yake shangazi ameandika: "Hii mmekata wapi? Kuna mtu alikuwa anataka kuongea."